Mikanda ya Wazamiaji wa Buzuruga

Kazi yangu ni mabegi. Ya shule nashona mwezi wa kwanza na wa saba, na ya safari nabadilisha zipu mwaka mzima, kwa sababu kibanda changu kiko hatua chache kutoka stendi ya Buzuruga hapa Mwanza, na zipu ina tabia ya kufa siku ya safari. Nilizaliwa Kisesa, kwa watu wa ng'ombe na pamba. Ziwa nililiona nikiwa nimeshaota akili, na tangu siku hiyo tunaheshimiana: mimi siingii kwake, na lenyewe haliji kwangu. Saa ya mkononi sivai. Nikitaka kujua muda naangalia simu.

Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba mambo ya wanamaji yalinikuta nimekaa. Sikuyafuata.

Asubuhi moja alisimama mbele ya cherehani yangu mzee mfupi mwenye kifua kipana kama mlango wa kabati, shati limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia.

"Marahaba mama!" alijibu kwa sauti ya mtu anayeita kivuko kisimwache. Baadaye nilijua kwamba masikio yake yaliharibiwa na kazi, na kwamba kwake huko ndiko kunong'ona. "Unashona mikanda?"

"Ya mabegi nashona, mzee."

"Ya saa! Mimi ni mzamiaji!"

Wapiga debe wawili waligeuka kumtazama, na mimi nikamtazama upya. Kwa Kiswahili chetu cha mjini mzamiaji ni mtu anayeingia kwenye harusi bila kadi akala wali wa watu, au anayejificha kwenye meli akaenda nchi za nje bila nauli. Nikajiuliza mzee wa umri ule anazamia harusi gani saa mbili asubuhi, tena anataka mkanda.

Alivuta kibao akakaa, akanieleza. Alikuwa mwanamaji wa jeshi. Miaka yake yote ya kazi aliimaliza Dar es Salaam akiingia chini ya meli kukagua matumbo yake. Alipostaafu alirudi kwao Nansio, kisiwani Ukerewe, akidhani atalima mihogo, lakini mihogo haikumtaka. Sasa alikuwa ameajiriwa na mtu mwenye vizimba vya kufugia sato, vile vyandarua vikubwa vinavyoelea ziwani upande wa Ilemela, na kazi yake ilikuwa kushuka chini kutafuta matundu kwenye nyavu kabla sato hawajayatafuta.

Kisha alifungua leso, akanionyesha saa nene, nyeusi, yenye pete ya kuzunguka kwenye uso wake. Mkanda wake ulikuwa wa kitambaa cha kuvutika, zamani ulikuwa kijani, sasa ulikuwa umelegea kama soksi ya mwanafunzi.

"Nataka kama huu! Lakini uwe mzima!"

Nilimwambia mikanda ya saa inauzwa mjini, ya ngozi na ya chuma, apendavyo. Akatikisa kichwa. Alinyoosha mkono, akanifundisha kama mwalimu wa darasa la pili, na kwa sauti ile darasa lote la stendi lilifaidika.

Mzamiaji, alisema, anavaa vazi la mpira, na saa inakaa juu ya mpira. Akishuka, maji yanalikandamiza lile vazi, linakuwa jembamba, mkono unapungua. Mkanda wa kawaida unabaki ulivyo, kwa hiyo saa inaanza kuzunguka mkononi kama bangili.

"Ikizunguka, bizimu inanasa kwenye wavu! Ikinasa bizimu, nimenasa mimi! Mwaka jana nilikaa chini ya kizimba dakika nyingi nikibishana na tundu dogo kuliko kidole hiki!"

Lastiki ndiyo dawa yake. Mkono ukipungua, nayo inapungua. Na lazima mkanda uwe mmoja, usikatwe vipande viwili. Upite nyuma ya saa yote, ili pini moja ikikatika saa ibaki inaning'inia kwenye pini ya pili.

Nilimwambia aje baada ya siku tatu. Fundi akisema siku tatu anajua anachosema: siku mbili za kufikiri na moja ya kuomba msamaha.

Wa kwanza niliukata kwenye mkanda wa kiti cha gari lililopata ajali, ambao fundi gereji alinipa. Ulikuwa na nguvu za kumfunga fahali, lakini haukuvutika hata unywele. Wa pili niliushona kwa lastiki ya suruali. Mzee akaenda nao, akarudi baada ya siku mbili umekuwa mrefu kama ulimi wa mbwa aliyekimbia. Hakulalamika. Aliuweka juu ya meza, akasema, "Huu umekufa!" akakaa kwenye kibao chake kusubiri kama mtu aliye kliniki.

Dawa niliipata kabatini kwangu. Nilipojifungua mtoto wangu wa mwisho nilinunua mkanda wa kubana tumbo, ile lastiki pana, nene, wanayovaa wazazi ili tumbo lirudi. Langu halikurudi. Kwa miaka kadhaa ule mkanda ulilala chini ya mashuka ukinisuta kila ninapotafuta foronya. Nikauvuta, ukanivuta. Nikauachia, ukarudi kwa kishindo. Nikachukua mkasi.

Niliukata vipande vyembamba kwa urefu, nikavikunja pindo, nikashona kwa uzi wa nyavu ambao hauozi majini, nikaweka kindoano cha chuma kutoka kwenye begi la kamera. Rangi yake ilikuwa ya maziwa ya kuungua, ikabidi niupike kwenye sufuria pamoja na rangi ya batiki mpaka ukawa kijani cha jeshi. Mume wangu, ambaye ni fundi umeme wa magari na kwa kawaida haoni ninachofanya, siku hiyo aliona.

"Hicho si kile kidude chako cha tumbo?"

"Ndicho."

"Unampelekea nani?"

"Mwanajeshi."

Alichungulia tena sufuria. "Mama fulani," akasema hatimaye, "nchi hii inalindwa kwa mambo mengi."

Mzee aliuvaa ule mkanda wiki moja, kisha akaja. Nilidhani amekuja na malalamiko kwa sababu hakukaa.

"Haujazunguka!" aliniambia, akageuka akaondoka. Hiyo ilikuwa sifa yote, na mpaka leo hakuna mteja aliyewahi kunisifu nikafurahi namna ile. Lakini hakuuliza nilitumia kitambaa gani, na mimi sikusema. Nilimwona jinsi alivyosimama wima, nikaona haya kumwambia mwanamaji kwamba amefungwa na uzazi wangu.

Mambo yangeishia hapo kama mzee asingeumwa jino.

Alikwenda kwa daktari wa meno mjini. Daktari alimlaza kitini, akamwambia afungue mdomo, kisha akauona mkono wake kwenye kiti akasahau mdomo. Mzee alinisimulia kwamba alikaa ameachama huku daktari akimgeuza kiganja, akivuta mkanda na kuuachia, akivuta na kuuachia. Jino liling'olewa baadaye kabisa, kama jambo la pembeni.

Siku iliyofuata gari jeusi safi lilisimama mbele ya kibanda changu, na daktari akashuka. Alikuwa mtu wa Bukoba, mwembamba, msomi, mwenye Kiswahili cha vitabuni. Sisemi kwa ubaya: Mhaya akikueleza jambo, hata kama ulikuwa unalijua, unashukuru kulijua upya. Alinieleza habari za saa za wazamiaji wa majeshi, moja baada ya nyingine, za Waingereza, za Waitaliano, za Waamerika, pete yake inazungukaje na mwanga wake gizani ni wa dawa gani. Alikuwa nazo sita, kwenye sanduku lenye velveti. Iliyokuwa mkononi mwake, alisema, inastahimili maji mita mia tatu.

"Unaogelea, daktari?"

"Kwenye bwawa la hoteli, ndiyo. Ila naivua kwanza. Ile dawa ya maji inaharibu."

Kisha akaushika ule mkanda wa mfano niliokuwa nimebakiwa nao. "Mama, unajua umetengeneza nini? Huu ni mtindo wa wazamiaji wa jeshi la majini la Ufaransa. Wale walikuwa wanakata mikanda ya parachuti. Wewe umekata nini?"

Cherehani ilikuwa imesimama, na mimi nikasimama nayo.

"Kitambaa maalumu," nikasema.

Sikudanganya. Kwenye boksi lake iliandikwa hivyo hivyo.

Akaagiza miwili. Kisha likaja gari la pili, la wakili. Likaja la tatu, la mwenye malori. Kumbe walikuwa kundi, wanaume tisa wenye nafasi zao, wanaokutana kila Jumamosi kwenye hoteli ya ufukweni kunywa kahawa na kuonyeshana mikono. Wote walikuwa na saa za kuzamia. Hakuna aliyewahi kuzamia, hata kwa maana ya harusini, maana watu wa namna ile hupelekewa kadi nyumbani.

Nilikwenda duka la dawa nikanunua mikanda ya tumbo mitano. Baadaye kumi.

Wakili ndiye aliyeleta ombi la ajabu. Aliuangalia mkanda wake mpya, umenyooka vizuri, kijani imekolea, akakunja uso. "Ni mpya mno," akasema. "Hauna historia." Alitaka kujua kama yule mzee wa jeshi anaweza kuuvaa kwanza, majini, ili uzoee. Wenzake waliposikia, nao wakataka.

Niliona aibu kumpelekea mzee jambo lile, lakini nilimpelekea. Alinisikiliza ameziba sikio moja, kama anavyofanya akitaka kusikia kwa lile jingine.

"Wanataka niwavalie mikanda yao?"

"Ndiyo, mzee."

"Wakati wao wako wapi?"

"Ofisini."

Alitafakari. Jeshini, aliniambia, alishawahi kuamriwa kupaka chokaa mawe ambayo mvua ilikuwa inanyesha juu yake. Akaichukua mikanda yao. Kwa wiki mbili alishuka kukagua vizimba akiwa na mikanda minne huku na minne huku, kuanzia kwenye vifundo vya mikono hadi viwikoni, kama mgonjwa aliyefungwa bendeji. Aliporudisha ilikuwa imepauka kidogo, na ilinuka chakula cha samaki. Nilitaka kuifua. Daktari alinizuia. Aliunusa wa kwake, akafumba macho.

"Ziwa," akasema.

Mimi niliyeshona nilijua kwamba ni pumba na dagaa wa kusaga, lakini mtu akishafumba macho humwamshi.

Baada ya hapo ilikuwa lazima wamwone mzee mwenyewe kazini. Walipanga Jumamosi, na wake zao wakaja, na mimi nikaalikwa kama fundi. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu daktari alisema nitakaa katikati ya boti, nikakubali, na mpaka leo sijui katikati ya boti kuna usalama gani ambao maji hayaujui.

Nilivaa jaketi la kuokolea juu ya jaketi jingine. Boti ya injini ilitutoa mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, taratibu, miwani ya jua ikimetameta, vikapu vya vitafunwa vikipita mikononi. Wanaume wote tisa walikuwa wamevaa mikanda yangu. Nikiri kwamba nilijisikia vizuri. Nilikuwa sijawahi kuona kazi yangu imekaa mahali pamoja nyingi namna ile isipokuwa mstari wa asubuhi wa shule ya msingi.

Mzee alikuwa anatusubiri kwenye jukwaa la vizimba, amevaa vazi lake jeusi lililoshonwa magotini, mtungi mgongoni. Aliamkiwa na kila mtu. Akaitikia marahaba moja kubwa iliyowatosha wote, akajiangusha kinyumenyume majini, akapotea.

Wanaume tisa wakazungusha pete za saa zao kwa pamoja. Ilikuwa kama sauti ya wadudu. Kisha wakakaa wakitazama mikono, na sisi wanawake tukatazama mapovu. Alipoibuka, daktari alitangaza dakika kumi na tisa. Mwenye malori alisema kumi na saba. Wakili alikuwa na ishirini na moja, na alikuwa tayari kuitetea. Walibishana mpaka mzee akavua mtungi, akakaa, akapewa sambusa, akamaliza, akapewa nyingine.

Wakili alimwomba aione saa yake. Mzee alinyoosha mkono. Wakili alitoa kioo kidogo cha kukuzia mfukoni, akainama juu yake, wenzake wakamzunguka. Niliona mgongo wake ukibadilika kabla sijaona uso.

"Hii si yenyewe," alisema kwa upole, kama daktari anayetoa majibu. "Mzee, samahani. Hii ni ya bandia."

 Nilitamani kumfunika mzee kwa kitu chochote, hata kwa begi.

"Najua!" alisema mzee. "Ya jeshi niliirudisha stoo, nikasaini! Hii nilinunua Kariakoo kwa machinga!"

"Na... haiingii maji?"

"Inaingia! Natoa betri, naianika!"

Daktari aliinama karibu na sikio lake. "Lakini ukiwa chini unasomaje muda?"

"Sisomi! Hapa ukinyoosha mkono huoni vidole! Ni kama chai!"

"Sasa unajuaje muda wa kupanda?"

"Mtungi una kipimo, nakisogeza mpaka kwenye miwani! Na baridi ikifika kwenye meno, natoka!"

"Basi kwa nini unaivaa, mzee wangu?"

Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mwenye vizimba ana fomu! Ina visanduku vya vifaa: miwani, kisu, saa! Bila tiki zote siruhusiwi kushuka!"

Hakuna aliyecheka. Mwenye malori alishusha mkono wa shati lake polepole juu ya saa yake, na mimi nikaangalia pembeni nisimwone akifanya hivyo.

Kusudi kimya kipate kwisha, daktari aliunyanyua mkono wake mwenyewe, akasema kwa furaha ya kulazimisha kwamba lakini mkanda, jamani, mkanda ni halisi, mkanda umetengenezwa kwa maelekezo ya mzamiaji wa jeshi, kwa kitambaa maalumu. Mke wake alikuwa kando yake. Alikuwa amejifungua miezi mitatu iliyopita, mtoto amemwacha kwa bibi yake, na ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka.

"Baba, lete mkono," alisema.

Aliushika ule mkanda kwa vidole viwili, akauvuta. Akaupindua upande wa ndani, ambako pindo langu halikufunika vizuri vile vistari vya ufumaji wa lastiki. Kisha akaweka mkono wake wa pili kiunoni mwake mwenyewe, juu ya gauni, akavuta kitu pale. Akaachia vyote viwili. Vikalia sauti moja.

"Mungu wangu," akasema. "Mmevaa mikanda ya tumbo!"

Alianza kucheka. Alicheka mpaka akamshika mke wa wakili, naye akashikwa na kicheko kabla hajaelewa, na alipoelewa alikaa chini. Boti ilitikisika. Wanaume tisa waligeuka kunitazama, na mimi kwa mara ya kwanza maishani nililiangalia ziwa kama mahali mtu anapoweza kwenda.

"Ni kweli," nikasema. Sikuwa na la kuongeza, nikaongeza. "Nilijaribu mkanda wa gari ukakataa. Nikajaribu lastiki ya suruali ikafa. Hii ndiyo iliyokubali. Wa kwanza ulikuwa wangu mimi mwenyewe. Ulikuwa msafi."

Neno la mwisho halikusaidia.

Mzee alikuwa anatugeukia mmoja mmoja, hasikii. "Wamesema nini?" aliniuliza. Nilijaribu kwa sauti ya kawaida. Akaziba sikio moja. "Nini?"

Ikabidi nipige kelele, na maji hubeba sauti. Walioko kwenye vizimba vya jirani waliacha kulisha samaki.

"Mkanda wako, mzee! Ni lastiki ya kubana tumbo la mzazi!"

Mzee aliutazama mkono wake. Aliuvuta mkanda, akauachia. Uso wake haukubadilika hata kidogo.

"Haujazunguka hata siku moja," alisema, na kwa mara ya kwanza aliongea taratibu. Kisha akaomba sambusa.

Safari ya kurudi wanawake walikaa mbele, na wanaume nyuma. Sikukaa kwa hawa wala kwa wale. Nilikaa katikati, kama nilivyoahidiwa.

Wiki ile sikupata neno. Wakili aliurudisha wa kwake kwa bodaboda, umefungwa kwenye gazeti kama samaki. Nikaukata nikautumia kwenye mpini wa begi la shule. Nilihesabu kwamba habari za wazamiaji zimekwisha, na nilikuwa nimeanza kufarijika, pale daktari alipopita na simu mkononi kunisomea alichoandika kwenye kundi lao. Aliandika kwamba Wafaransa walikata parachuti kwa sababu walikuwa na parachuti. Kwamba kila jeshi la majini hutumia kilichopo. Na kwamba mkanda wa Mwanza ndio pekee duniani, kwa kadiri ya utafiti wake, uliotengenezwa kwa lastiki ya daraja la kitabibu.

"Daraja la kitabibu," alirudia, akinitazama juu ya miwani. "Si uongo, mama."

Haukuwa uongo. Maagizo yakaja kuliko mwanzo. Yalikuja ya Dar es Salaam, yakaja ya Arusha, kwa watu ambao sikuwahi kuwaona. Wakili alituma bodaboda yuleyule kuulizia wa kwake. Nilimwambia umeingia darasa la tatu.

Nilinunua mikanda ya tumbo kwenye kila duka la dawa kuanzia Buzuruga mpaka Nyakato. Muuzaji mmoja alinipongeza kwa uzazi. Wa pili aliniuliza kama mtaani kwetu kuna nini siku hizi, maji au hewa. Nilicheka nao, nikaenda zangu na maboksi.

Siku moja nikiwa kwenye foleni, mbele yangu alisimama dada mmoja mdogo, mtoto mgongoni hana hata mwezi, kitenge amejifunga kwa nguvu tumboni namna mtu anavyojifunga akiwa na maumivu. Aliulizia mkanda. Muuzaji akamwambia imekwisha, alikuwa wa pili kuuliza tangu asubuhi, kuna mtu anaichukua yote. Akasema hivyo huku akinitazama mimi juu ya bega lake. Yule dada aligeuka, akaniamkia kwa adabu, akatoka.

Nilimfuata mpaka barabarani. Nilikuwa nimeshika mfuko wenye maboksi manne ya duka lililotangulia. Nilimpa moja, akaanza kunishukuru kana kwamba nimefanya wema, akapiga goti, na mimi sikujua niweke wapi uso. Nilirudi kibandani nikaketi bila kuwasha cherehani. Mzazi anatoka hospitali anakwenda kujifunga kitenge, kwa sababu tumbo lake liko Arusha kwenye mkono wa mhasibu anayeogopa kulowa.

Tangu siku hiyo nilijiwekea sheria: sichukui zaidi ya boksi moja kwenye duka, na la mwisho siligusi. Mikanda ikawa michache. Niliwaambia wateja ukweli kwamba malighafi ni adimu. Waliposikia neno adimu wakaanza kugombana kwa heshima, na daktari akafungua orodha ya kusubiri. Nilijaribu kupunguza jambo nikaliongeza. Ila madukani nikipita sasa naona maboksi yapo.

Wale wanaume tisa nao hawakumwacha mzee. Nadhani ile fomu iliwauma. Walichanga wakamnunulia saa halisi, yenye hati na sanduku, wakamkabidhi kwenye chakula cha mchana hotelini. Nilikuwepo. Mzee alisimama mkakamavu wakati daktari akihutubia, akapokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa maneno machache yaliyosikika mpaka jikoni. Wakamvalisha wenyewe, wakapiga picha.

Jumatatu iliyofuata alishuka majini na ile ya Kariakoo. Daktari alipopata habari alikuja kwangu amefadhaika, akaniomba nimuulize mzee kama saa ina kasoro. Nilimuuliza.

"Haina!" mzee alisema. "Ni nzuri mno! Nikiipeleka chini ya vizimba itakwaruzwa! Nimeiweka ya kanisani!"

Alikuwa amekuja nayo kwenye sanduku lake. Alitaka niishonee mkanda mwingine, wa ngozi, wa kawaida, mweusi, kwa sababu Jumapili inayokuja parokiani kwao Nansio kulikuwa na ubatizo wa mjukuu wake na yeye ndiye anayesoma somo la kwanza. Akanyoosha mkono nipime. Kile kifundo kilikuwa na alama nyeupe ya miaka mingi, pana kuliko mkanda wowote niliowahi kushona.

Nilikuwa na kipande cha ngozi kizuri kutoka kwenye mkoba wa mwalimu mmoja aliyehama. Nilikikata palepale huku anasubiri kwenye kibao. Nilimshonea vipande viwili, huku na huku, kama mikanda ya watu wote. Nikamtobolea matundu, nikamvalisha, nikamuuliza kama inabana.

"Nikaze tundu moja?"

"Acha hapo hapo!" alisema. "Kanisani hakuna presha!"

Kisha akaniuliza meli ya Nansio inaondoka saa ngapi. Nilimwambia saa nane. Aliitazama ile saa kwa muda mrefu, akiisogeza mbali kisha karibu kwa sababu macho nayo hayakuwa mazima, akashika kofia yake, akakimbia.